Fomu Haikuuliza Habari za Usingizi

Kabla ya Agosti 1998, mtu akiumia kazini hapa Kenya, mwajiri alijaza fomu ya LD 104 na kuipeleka ofisi ya leba. Nilizijaza nyingi, maana kazi yangu ilikuwa katika idara ya wafanyakazi ya kampuni moja ya bima katikati ya Nairobi. Sheria ya fidia ya siku hizo, Sura ya 236, iliuhesabu mwili wa mfanyakazi kiungo kimoja kimoja. Kidole gumba kilikuwa na asilimia yake, mguu asilimia yake, na kupofuka macho yote mawili ni asilimia 100. Fomu ilitaka saa ya ajali, mahali, jina la shahidi na mshahara wa aliyeumia. Kama anapata usingizi usiku, haikuuliza, wala mimi sikumwona mtu aliyeshangaa kwamba haiulizi.

Siwezi kusema waajiri wa zamani hawakujali. Walijali kwa namna ya wakati wao. Serikali ya kikoloni na shirika la reli waliposema ustawi wa mfanyakazi walimaanisha nyumba, mpira na ukumbi. Ndiyo maana Muthurwa ilijaa nyumba za wafanyakazi wa reli, na Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, una ukumbi wake wa jamii hadi leo. Aliyezidiwa kabisa akilini alipelekwa Mathari, hospitali iliyoanza 1910 kama mahali pa kuwatenga wale walioitwa vichaa na kupewa jina hilo la Mathari 1924. Kati ya uwanja wa mpira na Mathari hapakuwa na kitu. Kituo cha Amani cha ushauri nasaha kilifunguliwa Nairobi 1979 na kilifanya kazi nzuri, lakini katika ofisi nilizozijua, kumwambia mfanyakazi aende huko kulikuwa sawa na kumtangazia jengo zima kwamba ameharibikiwa.

Wafanyakazi wenyewe walikuwa na utaratibu wao, na sidhani wanahistoria wa kazi wameupa uzito unaostahili. Ulikuwa ni kamati ya mazishi. Mwenzetu akifiwa, au akifa yeye, karatasi ya mchango ilizungushwa kutoka meza hadi meza. Kila mtu aliandika jina na kiasi, na meneja aliandika juu kabisa ili wengine wapimie. Basi lilikodishwa Ijumaa usiku kwenda mashambani, Kakamega au Kitui au Siaya. Mmoja wetu alisoma salamu za kampuni kaburini. Jumatatu tulirudi kazini. Meza ya marehemu ilikaa wiki moja au mbili na makaratasi yake, kisha karani mwingine akahamishiwa hapo. Utaratibu huo ulimzika mtu kwa heshima kubwa. Waliobaki hai hawakuwa na kamati.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu asubuhi ilikuwa imepita kidogo, lori lilifika kwenye lango la nyuma la ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Mlinzi wa lango hilo alikuwa Mkenya, hana bunduki, ameajiriwa na kampuni ya ulinzi ya binafsi. Alikataa kuinua kizuizi. Mmoja wa washambuliaji akamrushia guruneti la kushtua. Ulikuwa mlio mkubwa, lakini si mkubwa kiasi cha kumfanya mtu akimbie. Ulitosha tu kumfanya ainuke na kutaka kujua kuna nini.

Hapo ndipo balaa la macho lilipoanzia. Katika jengo la Co-operative House lililokuwa jirani, katika Ufundi House, katika ofisi zote za karibu, watu waliacha viti vyao wakaenda dirishani kuchungulia. Sekunde chache baadaye bomu lenyewe lililipuka na vioo vikaruka ndani. Balozi Prudence Bushnell alikuwa Co-operative House kwenye mkutano na waziri wa biashara, Joseph Kamotho. Ameeleza mara nyingi kwamba karibu wote chumbani waliinuka kwenda dirishani baada ya mlio wa kwanza, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuinuka kitini. Hatua zile chache alizochelewa ndizo zilizomwokoa.

Nairobi walikufa watu 213, na maelfu walijeruhiwa. Dar es Salaam, ambako bomu lililipuka muda huohuo kwenye ubalozi wa huko, walikufa 11, walinzi wakiwamo, na hakuna Mmarekani hata mmoja aliyekufa. Bodi ya uchunguzi ya Marekani iliyoongozwa na Admirali William Crowe ilihesabu wafanyakazi 44 wa ubalozi wa Nairobi waliouawa, 32 kati yao wakiwa wa kuajiriwa hapa nchini. Waliobaki walikuwa watu wa mji: makarani, wanafunzi wa chuo cha uhazili kilichokuwa Ufundi House, jengo lililoporomoka lote, wachuuzi, abiria na utingo wa mabasi yaliyokuwa yakipita Haile Selassie. Tunaliita shambulio la kigaidi na ndivyo lilivyokuwa. Lakini mimi, kwa kazi niliyoifanya, nimeliona daima pia kama msiba wa mahali pa kazi. Ilikuwa siku ya kazi, karibu na saa ya chai, na wengi wa waliouawa walikuwa mahali pale kwa sababu ndipo ridhiki yao ilipokuwa.

Kampuni yetu haikuwa karibu kiasi cha kuporomokewa. Madirisha ya upande mmoja yalivunjika na wachache walikatwa na vioo. Wale nilijua namna ya kuwajazia fomu. Wiki zilizofuata ndizo zilizonifunza kazi upya.

Ruhusa za ugonjwa ziliongezeka, na sababu zilikuwa za ajabu kwa ukawaida wake: meno, tumbo, mgongo, presha. Msichana mmoja wa kupiga chapa aligeuza meza yake ili akae mgongo ukielekea dirisha. Siku chache baadaye akaigeuza tena, kwa kuwa sasa hakuweza kuvumilia kutoliona dirisha. Mwishowe akaomba ahamie stoo ya mafaili, chumba kisicho na dirisha wala hewa, akafanya kazi humo kwa furaha. Lifti zilipanda tupu huku watu wakipita ngazi. Mlango ukibamizwa na upepo, ghorofa nzima ilinyamaza.

Kulikuwa na dereva wetu, mtu mzima, mpole, ambaye siku ile aligeuza gari la kampuni kuwa ambulensi. Alipakia majeruhi asiowajua, akawapeleka Hospitali Kuu ya Kenyatta, akarudi, akapakia tena. Gari lilioshwa. Vitambaa vya viti vikabadilishwa. Jumatano iliyofuata akakabidhiwa ufunguo wa gari lilelile, kwa kuwa daftari la magari lilisema ni lake. Alikuja kwangu mara kwa mara. “Dada, naomba niende nikapimwe presha.” Presha ilipimwa, ikawa sawa, akarudi, akaomba tena. Bosi wangu akasema mzee anakwepa kazi, aandikiwe barua ya onyo.

Barua ile haikuandikwa, na sababu yake ni dereva mwenzake. Yule kijana alimwona akikaa ndani ya gari kwenye maegesho bila kuliwasha, mikono juu ya usukani. Hakumuuliza kitu. Alimgongea kioo, akampa ufunguo wa gari lake yeye, akachukua ule mwingine. Walibadilishana hivyo kila asubuhi, na daftari halikusema kitu. Baada ya muda wakawa wanakunywa chai pamoja kwenye benchi la nyuma, na hapo mzee akaanza kusimulia siku ile, kipande kipande, kwa wiki nyingi. Niliyajua haya baadaye sana.

Wakati huohuo Nairobi ilikuwa inajaribu jambo ambalo halikuwahi kufanyika nchini kwa ukubwa ule. Chama cha Madaktari cha Kenya kilianzisha mpango ulioitwa Operation Recovery, ukiongozwa na daktari wa magonjwa ya akili, Frank Njenga. Madaktari wa fani hiyo nchini walikuwa wachache mno, kwa hiyo walitumia magazeti na matangazo kueleza umma kwamba ndoto mbaya, kushtuka, hasira za ghafla na kukwepa mahali fulani ni mambo yanayompata mtu mzima wa akili aliyepitia jambo lisilo la kawaida. Ninakumbuka karani mmoja alikata makala ya gazeti ya namna hiyo akaibandika kwenye ubao wa matangazo karibu na orodha ya zamu. Hakuna aliyeibandua. Watu walisimama mbele yake wakijifanya wanasoma zamu.

Kutoka katika kazi hiyo ulitoka utafiti ambao mpaka leo nauona kuwa miongoni mwa maandishi muhimu kabisa juu ya wafanyakazi wa mji huu. Njenga na wenzake waliuchapisha 2004 katika jarida la Uingereza la tiba ya akili. Walichambua majibu ya Wakenya 2,883 yaliyokusanywa mwezi mmoja hadi mitatu baada ya mlipuko. Asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia kipimo cha kitabibu cha maradhi yatokanayo na kiwewe. Wakatazama pia ni nani waliolemewa zaidi. Waliouona mlipuko kwa macho, waliojeruhiwa, waliokuwa hawajapona, waliofiwa: haya mtu angeyakisia. Lakini orodha ilikuwa na mawili ambayo yaligusa kazi yangu moja kwa moja. La kwanza, ambao hawakuwa wamemweleza rafiki yaliyowapata. La pili, walioingia katika shida ya fedha tangu siku ya bomu.

Hilo la fedha liliniambia kwa nini barua moja fupi tuliyoituma kwa majeruhi wetu ilifanya kazi kubwa kuliko hotuba zote. Ilisema mshahara utaingia benki tarehe ileile ya kila mwezi mpaka daktari aseme urudi. Mama mmoja aliyekatwa usoni aliibeba barua ile kwenye mkoba mpaka mikunjo ikachanika. Waajiri wengine mjini hawakufanya hivyo. Nililetewa watu na jamaa zao, wafanyakazi wa ofisi nyingine kabisa, waliokatwa siku walizolala hospitalini, na waliogopa kukosa karo za Januari kuliko walivyoogopa bomu jingine.

Na lile la rafiki lilinifanya nimfikirie yule dereva kijana.

Washauri nasaha walifika ofisini kwetu wiki kadhaa baada ya mlipuko. Meneja alikodi ukumbi wa hoteli, tukakaa kwenye duara, tukaombwa kila mmoja aeleze alikuwa wapi, aliona nini, alihisi nini. Mtindo huo ulitoka Marekani. Jeffrey Mitchell, aliyewahi kufanya kazi ya zimamoto na ambulensi, aliuandika 1983 kwa ajili ya vikosi vya uokoaji, watu wanaofanya kazi pamoja na kuaminiana maisha yao. Kwetu duara lilikuwa na mkurugenzi, mkuu wa idara, karani na tarishi. Tarishi hawezi kulia mbele ya mkurugenzi. Wengine walisema wako sawa na Mungu ni mwema. Mmoja alisimulia kila kitu bila kuficha, akaondoka akitetemeka, na kesho yake hakuna aliyejua amtazame vipi. Miaka michache baadaye, 2002, tathmini ya Cochrane ilikusanya majaribio ya vikao vya namna hii, vya mtu mmoja mmoja, na kuona kwamba kikao cha mara moja tu baada ya janga hakimzuii mtu kupata maradhi ya kiwewe. Sikushangaa. Siwalaumu waliotuletea duara lile, kwa maana walikuja na nia njema wakati wengi hawakuja kabisa. Lakini ninashikilia kwamba fedha za ule ukumbi zingemlipa mshauri mmoja aje ofisini kila Alhamisi kwa mwaka mzima, akae chumba kisichoandikwa kitu mlangoni.

Hivyo ndivyo tulivyofanya hatimaye, na ndivyo ofisi kadhaa nilizozijua zilivyofanya, kimyakimya. Mshauri alikuja siku ileile ya wiki. Ruhusa ya kumwona haikupita kwa mkuu wa idara. Tulihamisha meza zilizokuwa zimegusana na madirisha, tukaweka plastiki ngumu juu ya vioo, tukaacha watu wapite ngazi bila kuulizwa kwa nini wamechelewa. Na chai ya saa nne, ambayo mhasibu alikuwa ametaka ipunguzwe iwe ya dakika kumi, ilirudishwa nusu saa. Mimi ndiye niliyeipigania hiyo nusu saa. Nilikuwa nimeona kwamba meza ya chai inabeba kazi ambayo haiko katika maelezo ya kazi ya mtu yeyote.

Muongo mmoja baadaye meza hiyohiyo ilitushinda. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka, na watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika wiki chache. Ofisi zilipofunguliwa Januari, wafanyakazi waliingia wakiwa na habari za nyumba zilizochomwa Eldoret, ndugu waliofukuzwa Naivasha, mtoto aliyekwama Kibera. Wakati wa chai waligawanyika. Hawa walikaa hapa, wale walikaa kule, na kila kundi lilizungumza lugha yake ya nyumbani, sauti ikashuka mtu wa kundi jingine anapopita kuchukua sukari. Yule ambaye 1998 ungemweleza usiku wako wa jinamizi, sasa ulimtazama ukajiuliza alimpigia kura nani. Hakuna janga la kazini lililonitia huzuni kama lile, kwa kuwa bomu lilituumiza kutoka nje na dawa ikatoka ndani, na mara hii ndani ndimo mlimokuwa na jeraha. Mshauri wa kutoka nje, ambaye wengi walimwona ziada, sasa ndiye pekee aliyeweza kumsikiliza kila mtu. Alisikiliza faraghani, mtu kwa mtu, miezi mingi. Meza ya chai ilichukua karibu mwaka kuchanganyika tena, na kilichoichanganya, nisipokosea, kilikuwa msiba: mhasibu alifiwa na mama yake, karatasi ya mchango ikazunguka, basi likajaa watu wa kila kabila.

Sheria mpya ya fidia za kazini ilipitishwa mwaka huohuo wa 2007. Ni bora kuliko ya zamani kwa mambo mengi. Jedwali lake bado lina asilimia za viungo.

Mambo mengine yamesogea haraka zaidi. Baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, walikouawa watu 67, Msalaba Mwekundu wa Kenya uliweka washauri kwa ajili ya jamaa na walionusurika wakati kazi ya uokoaji ikiendelea. Januari 2019, magaidi waliposhambulia majengo ya 14 Riverside, penye hoteli na ofisi nyingi, walikufa watu 21. Kampuni moja ya teknolojia pale ilipoteza wafanyakazi 6. Nilikuwa nimestaafu, lakini vijana niliowafundisha kazi walinipigia simu, na maswali yao yalinitia moyo. Hawakuuliza kama wawaite washauri. Waliuliza wapange vipi wiki ya tatu, mwezi wa tatu, siku ya kutimiza mwaka. Kisha 2020, Frank Njenga yuleyule aliongoza jopo la kitaifa la afya ya akili lililotaka maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya nchi. Mtu aliyeanza na makala za gazeti kwenye ubao wa zamu sasa alikuwa akiiandikia serikali.

Kuna kundi moja ambalo historia hii yote imepita kando yake, nalo ndilo linalonifanya niandike. Tulipopanga ratiba ya mshauri, tuliandika majina kutoka kwenye orodha ya mishahara. Mlinzi wa langoni hakuwa kwenye orodha yetu, alikuwa wa kampuni ya ulinzi. Miaka michache baadaye mama wa chai na wasafishaji nao wakahamishiwa kwa mkandarasi, na majina yao yakatoka. Hao ndio wanaofika wa kwanza asubuhi, na kila janga nililolitaja lilianzia kwao au lilipita mbele yao. Wasafishaji wetu ndio waliozoa vioo vile vya Agosti na kuosha vile viti vya gari. Mlinzi wa lango la ubalozi alikuwa mtu wa mkataba. Nimesoma mikataba mingi ya ulinzi katika kazi yangu: inataja sare, tochi, kirungu, zamu ya saa kumi na mbili, faini ya kusinzia. Washauri nasaha hawatajwi, na kampuni inayokodi hudhani kampuni inayoajiri inalishughulikia jambo hilo, nayo inayoajiri hudhani vivyo hivyo juu ya inayokodi.

Kipengele kinachohitajika ni kifupi. Kwamba huduma yoyote ya ushauri itakayotolewa kwa wafanyakazi wa jengo baada ya janga itolewe kwa kila anayefanya kazi ndani ya jengo hilo, bila kujali nani anamlipa, na kwamba muda atakaoutumia kwa mshauri uhesabiwe kuwa muda wa zamu. Nimewapelekea maneno haya maofisa wa ununuzi wa mashirika kadhaa ili wayatie kwenye nyaraka zao za zabuni. Wawili wamekubali. Ninaendelea kuwaandikia wengine.